Mikato ya Mzee Vuai

Nimestaafu juzijuzi, na nyinyi vijana mliobaki ofisini mmeniomba niwaandikie uzoefu wangu wa kazi. Siku ya kuniaga mlinipa keki, doti mbili za kanga na saa ya ukutani, na mmoja wenu akasema kwenye kipaza sauti kwamba mimi ni maktaba inayotembea. Tangu siku ile maktaba haijatembea popote. Imekaa kibarazani Ukonga, inakunywa chai yake bila kuangaliwa na mtu. Nikisema ninakaa Ukonga, watu huuliza kwanza ni upande gani wa ukuta wa gereza. Upande wa nje, ahsanteni. Basi naandika. Vyeo na mishahara nitavipita, kwa kuwa hata vyenyewe vilinipita. Nitawaandikia juu ya namba za faksi.

Msicheke. Ile seva ya faksi bado ipo chini ya meza yangu ya zamani, na juzi tu mmoja wenu alinipigia: "Shikamoo Mama Upendo, eti faksi ya Temeke inagoma, nifanyeje?" Toa sifuri, mwanangu. Umeweka sifuri baada ya msimbo wa nchi. Hilo ndilo jibu la nusu ya maswali mtakayoulizwa katika kazi hii. Nusu nyingine ni habari za Mzee Vuai, na hizo ni ndefu kidogo.

Nilifika kwenye kampuni yetu ya kutotolesha vifaranga nikiwa msichana wa Tukuyu mwenye cheti cha kupokea simu na viatu vya kisigino kirefu. Barabara ya Pugu kuelekea msituni ilikula kisigino kimoja kabla sijafika getini. Cheti kilinusurika. Ndani nikakuta swichibodi imewekwa chumba kimoja na maboksi ya vifaranga yanayosubiri gari, kwa sababu ndicho chumba pekee chenye hewa. Mteja wa kwanza niliyempokelea simu aliniuliza kama amepiga ofisini au bandani. Nikamwambia ofisini. Akasema, "Mbona nasikia kuku wengi kuliko watu?" Nikamjibu ukweli, kwamba kuku ndio wengi.

Aliyenifundisha kazi ni Bi. Somoe, mwenyeji wa Lindi, opereta aliyenitangulia. Alikuwa na sauti mbili. Ya kawaida ilikuwa ya kuuzia samaki mnadani, na ya kwenye simu ilikuwa ya bibi harusi. Alihama kutoka moja kwenda nyingine katikati ya sentensi, kiasi kwamba nilipokuwa naye siku za mwanzo nilikuwa nageuka kutafuta mtu wa pili. Siku ileile ya kwanza aliniketisha mbele ya maboksi, akafunua moja, akanionyesha.

"Unawaona hawa?" akasema. "Wametoka kwenye gamba asubuhi. Hawajala, na hawana haja ya kula, kiini cha yai bado kimo tumboni mwao. Kikiisha, nao wameisha. Yai haliulizi kama faksi imekwenda, mwanangu. Siku yake ikifika linapasuka. Kwa hiyo nyuma ya kila karatasi utakayotuma humu, kuna hawa. Umenielewa?"

Nilielewa. Kifaranga mmoja alinitazama kwa jicho la pembeni kama anayetaka kuona vyeti vyangu. Na mpaka leo, nikisikia faksi imekwama, nywele zinanisisimka kama vile mimi ndiye niliyeatamia yale mayai.

Wateja wetu wengi walikuwa wa hapahapa mjini: Temeke, Mbagala, Chamazi, Kinondoni kwa wale wenye mabanda uani na majirani wavumilivu. Hao walikuja wenyewe na pikipiki. Taabu ilikuwa kwa wateja wa kisiwa kimoja, ambacho sikitaji kwa kuwa wenyewe wapo na wanasoma. Vifaranga wa kisiwani walipanda kindege, na kindege hakikuwapokea mpaka cheti chao cha afya kimefika kwa faksi katika ofisi ya mifugo ya kisiwani, kimegongwa muhuri, na karani wa ofisi ile amepiga simu uwanjani kusema wapakieni. Barua pepe hawakutaka. Walisema barua pepe si karatasi, na hapo huwezi kubishana nao.

Karani huyo ndiye Mzee Vuai. Ofisi yake ilikuwa na laini moja tu, ya simu na ya faksi pamoja, kama ofisi nyingi za wakati ule. Maana yake ni kwamba huwezi kutuma faksi hivihivi. Unapiga, anapokea mtu, unamsalimia, unasema shida yako, kisha unaomba toni. Yeye anabonyeza kitufe cha kijani, mashine yake inalia, yako inaitikia, na karatasi inaanza safari. Bi. Somoe alinionya tangu mapema: "Toni haiombwi kavukavu. Wewe unamwomba mtu akufungulie mlango wake. Utaingia bila hodi?"

Kwa Mzee Vuai hodi ilikuwa ndefu. Ukishamwamkia, akishaitika marahaba yake ya taratibu, alikuuliza wewe, mumeo, watoto, wazazi wa Tukuyu, hali ya mvua Pugu, na kuku.

"Kuku hawajambo?"

"Hawajambo, mzee."

"Na mayai?"

"Nayo hayajambo."

"Alhamdulillahi. Bi. Mize anakusalimu."

Bi. Mize alikuwa mke wake. Sikuwahi kumwona, wala yeye hakuwahi kuniona, lakini kila kundi la vifaranga lilipokwenda kisiwani, salamu zake zilikuja na zangu zikaenda. Alijua Upendo ameota meno. Nilijua goti lake la kushoto linamsumbua wakati wa masika. Baada ya hapo ndipo Mzee Vuai aliposema, "Haya mwanangu, pokea toni," na vifaranga wakapona.

Miaka ikaenda namna hiyo. Bi. Somoe akastaafu, akarudi Lindi na sauti zake zote mbili, mimi nikabaki na swichibodi. Kisha akaja meneja mpya, Bwana Kimaro, mtu mwema lakini mpenda maendeleo. Alisimama nyuma yangu siku moja nikiwa naulizwa hali ya mayai, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama Upendo, hii laini ni ya biashara au ya harusi?" Wiki iliyofuata akaleta seva ya faksi. Sanduku jeusi, limewekwa chini ya meza yangu, linatoa joto miguuni. Karatasi hazikutakiwa tena. Unaandika kwenye kompyuta, unaweka namba, unabonyeza, seva inapiga yenyewe.

Aliyeifunga ni Ombeni, fundi wa kompyuta kutoka Chamazi, kijana mpole aliyekuja kazini kila siku isipokuwa siku za mechi. Siku za mechi alikuwa anaumwa. Ombeni ndiye aliyenifundisha namna ya kuandika namba, na ninawarithisha kama nilivyorithi. Anza na alama ya kujumlisha. Fuata na msimbo wa nchi. Kisha msimbo wa mkoa bila sifuri yake. Kisha namba yenyewe. Vyote vishikane kama watoto wa chekechea wanaovuka barabara: pasiwe na nafasi, wala kistari, wala mabano. Hata tisa ya kutokea nje usiiweke, seva inaiweka yenyewe.

Rahisi. Sasa sikilizeni yaliyotokea.

Kwanza, Ombeni mwenyewe alisahau kuiambia seva habari ya tisa. Kwenye swichibodi yetu, ukipiga bila tisa hutoki nje, na tarakimu ya kwanza ikiwa sifuri unampata opereta; na seva, ikipiga namba ya humu nchini, huirudishia sifuri yake mbele. Opereta ni mimi. Basi asubuhi ya uzinduzi, Bwana Kimaro akabonyeza kitufe kutuma orodha ya bei Tanga, na simu yangu ikaita. Nikapokea kwa ile sauti ya bibi harusi, nikapigiwa mluzi sikioni. Nikakata. Ikaita tena. Mluzi. Nilimsema huyo mtu asiye na adabu maneno ambayo Bi. Somoe angeyafurahia, na ilikuwa mara ya tatu nilipogundua kwamba ninagombana na sanduku lililo chini ya miguu yangu. Orodha ya bei ya Tanga ilikuwa imesafiri umbali wa mita moja.

Pili, kadi za wateja. Watu wa mji huu wakiwa na namba tatu zinazofuatana huandika ya kwanza, wakaweka alama ya mkwaju, tarakimu, mkwaju, tarakimu. Binadamu anaelewa. Seva ilikusanya tarakimu zote ikazipiga kwa mfululizo, namba ndefu kama deni la mlevi. Wengine walifungia sifuri ndani ya mabano, na mtu wa masijala akazinakili kwa uaminifu, mabano na vyote. Na mama mmoja wa Mbezi, mteja mzuri kabisa, alitupa namba yake ya mkononi kwenye nafasi ya faksi kwa kuwa hakupenda kuacha nafasi wazi. Seva ilimpigia mluzi akiwa kanisani, na kwa kuwa ilikuwa imeagizwa kujaribu tena na tena, ilimpigia mpaka mchungaji akasimamisha mahubiri kumkemea pepo. Nairobi nayo, ambayo sisi maopereta tulikuwa tunaiingilia mlango wake wa uani kwa sifuri mbili na tano, namba ya majirani, seva ilizunguka mpaka mlango wa mbele, wa msimbo wa kimataifa, kama mgeni, ikawa inarudi na majibu ya kutojulikana.

Hayo yote yalirekebishwa. Kila kosa lilikuwa na tarakimu yake ya kutoa au kuongeza. Mzee Vuai peke yake hakuwa na tarakimu.

Seva ilipompigia mara ya kwanza, namba ilikuwa safi haina doa. Simu iliita kisiwani, akapokea, akasema haloo, akapigiwa mluzi. Hakubonyeza kitu. Aliweka chini, akanipigia mimi. Sijawahi kumsikia vile.

"Mwanangu, huko kwenu kuna mtu ananipigia mluzi."

"Shikamoo mzee. Si mtu, ni mashine mpya, inaleta cheti. Ukisikia ule mluzi unabonyeza tu kitufe."

"Marahaba. Hebu ngoja nikuulize. Miye mtu mzima, nna wajukuu, napigiwa mluzi kama mbuzi, kisha nimfungulie mlango? N'najuaje ni nani? Hakunamkia, hakusema jina, hakuuliza hata kuku."

"Hajui kusema, mzee."

"Basi mfunze," akasema. Alinipa toni siku ile kwa ile mashine ya zamani, kwa ajili yangu, na akasema ni mara ya mwisho.

Nilimweleza Ombeni. Alicheka mpaka akakaa, lakini hakuwa mtu wa dharau. Na bibi yake wa Pare, alisema, angefanya vilevile. Tukakaa tunafikiri huku vifaranga wakitupigia kelele. Ndipo akanitajia, kwa kupitia tu, kwamba kuna alama moja inaruhusiwa kwenye namba: mkato. Ukiweka mkato, seva inanyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Waliubuni kwa ajili ya swichibodi zinazochelewa kutoa laini ya nje.

"Naweza kuiweka mwishoni?" nikamwuliza. "Baada ya namba yote?"

"Unaweza. Itapiga, halafu itanyamaza, halafu ndiyo ianze mluzi."

"Na ikinyamaza, nikiinua mkono wa simu uliopo kwenye laini hiyohiyo, nitamsikia aliyepokea?"

Ombeni alinitazama. "Mama, unataka kusalimia kabla ya seva?"

"Nataka seva iingie na mwenyeji wake."

Akafunga simu ya pili kwenye laini ya seva, na mambo yakawa hivi: naandika namba, nashona mikato nyuma yake, nabonyeza. Simu inaita kisiwani. Mzee Vuai anapokea, seva imenyamaza, mimi nainua mkono wa simu: shikamoo mzee. Salamu zinakwenda mpaka mikato inakwisha, mluzi unaanza, yeye anabonyeza, mimi naweka chini haraka nisije nikaichafulia seva karatasi. Alikubali. Alisema kwamba mtu akija na mjomba wake hata akiwa bubu anakaribishwa.

Kazi ikawa kujua mikato mingapi inamtosha nani. Kitabu cha maelekezo cha seva hakisemi neno juu ya hili. Nairobi mkato mmoja, maana wao wanasema "tuma" kabla hujamaliza jina. Duka la dawa za mifugo la Temeke miwili: yule karani alikuwa na haraka lakini alikuwa na adabu. Morogoro mitatu, na Jumatatu minne, kwa sababu ya kuulizana habari za mwisho wa wiki. Mzee Vuai alijaza kisanduku chote cha namba kwenye kompyuta. Bwana Kimaro alipoona ile namba kwenye kioo, tarakimu chache na mikato mstari mzima, akauliza, "Hii ni namba au manyunyu?"

Hakufurahi. Hakuwa ametumia fedha za kampuni ili seva nayo iulizwe hali ya mayai. Basi ikatokea Mzee Vuai akawa hayupo kazini, tukaambiwa kuna kijana anamshikia nafasi. Kijana huyo alikuwa akisikia mluzi tu, anabonyeza. Hata haloo hakumaliza. Bwana Kimaro aliona mwanga. Akakaa kwenye kompyuta yangu mwenyewe, akapitia namba zote, akafuta mikato yote, moja baada ya nyingine, kwa raha ya mtu anayeng'oa magugu. "Namba safi," akasema. Seva ikatuma kila kitu kwa mluzi. Mimi nikawa napokea simu za nje tu, na nakiri nilinuna, lakini vifaranga walikuwa wanafika, na huwezi kununia kitu kinachofika.

Sasa siku yenyewe. Kulikuwa na kundi kubwa la kisiwani, la akina mama waliojenga banda pamoja. Vifaranga walikuwa wamechelewa kidogo kutolewa kwenye mashine za kutotolea, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kuchezea. Kindege cha siku ile kikiwaacha, cha pili kingewakuta wamekwisha. Jua la Pugu lilikuwa la kuanika mihogo. Chande, dereva wetu, alikuwa ameshapakia maboksi kwenye gari, injini inanguruma getini, mlango wa nyuma ameuacha wazi wapate hewa.

Nikabonyeza kutuma. Seva ikapiga, ikapiga mluzi, ikakatiwa. Ikangoja, ikapiga tena, ikakatiwa tena. Kwenye kioo pakaandikwa imeshindikana. Nikajua hapohapo. Kijana hakati. Mzee Vuai amerudi.

Bwana Kimaro akaja mbio. Chande naye akaingia, jasho linamtiririka. "Mama Upendo, vipi? Hawa madogo wanahema huko kama wametoka mbio. Mie nasubiri watu wa uwanjani waniambie lete, hamna kitu, simu iko kimya kabisa!"

"Mpigie ya kawaida," akasema Bwana Kimaro.

Nilijaribu. Laini ilikuwa na shughuli, na nadhani shughuli yenyewe ilikuwa Mzee Vuai ameutoa mkono wa simu mahali pake akauweka mezani. Nikaifungua ile namba kwenye kompyuta. Nikaweka kidole kwenye kitufe cha mkato, nikakibonyeza bila kukiachia. Mikato ikakimbia mpaka mwisho wa kisanduku, na kisanduku kikaendelea kupokea, nami nikaendelea kubonyeza, sikuhesabu. Bwana Kimaro alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikatuma. Safari hii ikaita, bila shaka alikuwa ameurudisha mkono wa simu mahali pake. Nikainua mkono wa simu.

"We mluzi we," sauti ikasema, "leo tutajuana."

"Shikamoo mzee. Ni mimi, mama Upendo wa Pugu."

Sauti ikalegea: "Marahaba, mwanangu. Kumbe upo. Nikadhani wamekutoa, wameacha lile sanduku peke yake."

"Nipo, mzee. Hujambo?"

"Sijambo."

"Watu wako hawajambo? Bi. Mize goti linamwachia?"

Nyuma yangu nilisikia Bwana Kimaro ananong'ona, "Mwambie abonyeze, mwambie abonyeze."

"Bi. Mize ametutoka," Mzee Vuai akasema. "Ndiyo maana sikuwapo. Nilikuwa namuuguza, kisha nikamzika. Leo ndiyo nimerudi kazini, na kitu cha kwanza kuingia sikioni ni mluzi."

Sijui niwaelezeje. Mwanamke ambaye sikuwahi kumwona uso. Nilisema pole, nikasema tena, nikasema maneno yote ambayo mtu husema, na yote yalikuwa mafupi. Nikalia, kazini, na simu mkononi. Bwana Kimaro alikuwa amenyoosha mkono kuelekea kompyuta, akaurudisha. Chande, mlangoni, bila kujua ni nani amekufa wala wapi, akavua kofia akasema, "Poleni sana, jamani." Nje vifaranga walikuwa wanalia kwa sauti moja, na kila aliyekuwa mle ndani alikuwa anawasikia.

Ndipo nikakumbuka mikato. Ilikuwa inakwisha mmojammoja huko chini ya meza, na sikujua imebaki mingapi. Mluzi ungeweza kuingia katikati ya neno lolote, juu ya jina la marehemu, nisiweze kuuzuia ila kwa kung'oa waya, na nikiung'oa waya vifaranga wa akina mama wamekwisha.

"Mzee," nikamwambia, "lile sanduku lipo hapa, linakuja. Nimeliambia lingoje lakini sijui litangoja mpaka lini. Likipiga mluzi tukiwa tunaongea habari za Bi. Mize, naomba usinichukulie vibaya. Lina vifaranga."

"Vifaranga wa nani?"

"Wa akina mama wa banda jipya. Wapo garini, juani."

Akashusha pumzi. "Na litakuja saa ngapi?"

"Sijui, mzee. Nimeweka mikato mingi sana."

"Basi tulingoje," akasema.

Tukalingoja. Watu wawili kwenye laini moja, bahari katikati, hakuna mwenye la kusema, maana nilikuwa nimeogopa mikato isitoshe salamu, nikaweka mingi kuliko maneno. Seva kimya. Mikato haiishi. Baada ya kitambo akauliza, "Bado?" Nikasema bado. Akakohoa. Kisha, kwa kuwa ukimya ulikuwepo na hapakuwa na wa kuutumia, akaanza kunieleza. Kwamba Bi. Mize alikuwa anafuga kuku wanne, na aliwaita kwa majina ya mashemeji zake ili apate kuwagombeza kwa uhuru. Kwamba siku moja alimfukuza kuku kwa jina mbele ya shemeji mwenyewe. Kwamba nyumba sasa ina nafasi asizojua azifanyie nini. Nilicheka na kulia kwa pamoja, naye huko nikamsikia anacheka, kicheko cha mtu ambaye hajacheka muda mrefu na kinamkwaruza.

Pii, ikasema seva.

Mluzi wa seva hulia kwa vipande, na katikati ya kipande na kipande mtu anaweza kusema neno. Nikafumba macho.

"Huyo kafika," akasema Mzee Vuai.

Pii.

"Safari hii kangoja kwa adabu. Mwambie marahaba."

Nikasikia kitufe kinabonyezwa, mashine yake ikapaza sauti, nami nikaweka mkono wa simu chini taratibu kabisa. Kwenye kioo karatasi ikaanza kwenda, mstari kwa mstari. Tulisimama tunaiangalia kama watu wanaoangalia penalti. Ikaenda yote. Haikupita muda simu ya Chande ikaita mfukoni, akasikiliza, akapiga kelele, "Wamesema lete! Mzee kashapiga uwanjani!" na gari likaondoka likitimua vumbi, mlango wa nyuma unafungwa likiwa limeshafika barabarani. Vifaranga walipanda kindege chao.

Tukabaki wawili mle ndani. Chumba kilikuwa kimya isivyo kawaida. Bwana Kimaro alijifuta uso, akavuta kiti, akakaa karibu na meza yangu.

"Amesema nini mwishoni?"

"Amesema mashine iambiwe marahaba."

Alinitazama, akaitazama seva.

"Basi iambie," akasema. "Usije ukaacha kuifikishia ujumbe wa mtu aliyefiwa."

Nikainama chini ya meza, kwenye lile joto, nikaiambia. Bwana Kimaro akangoja mpaka nimemaliza, ndipo akarudi ofisini kwake.